Bunduki za Wafaransa na Chaki Niliyomnyima Deo

Vijana wangu wa Toongabbie, kila tukitoka ibadani kuna mmoja wenu atakayenishika mkono na kuuliza vidole hivi vilipatwa na nini. Mnauliza kwa Kiingereza, nami nawajibu kwa Kiswahili, na tunaelewana. Wazazi wenu ni wauguzi, walezi wa wazee na makarani, na kazi zao mnazijua. Yangu, iliyoviacha vidole hivi na makovu, hamuijui. Kwa miaka ishirini na miwili nilikuwa fundi wa mbao za bunduki kuukuu katika karakana moja ya Seven Hills, hapahapa Sydney, nyuma ya ghala la vigae. Nyingi kati ya bunduki hizo zilikuwa za jeshi la Ufaransa.

Msishtuke. Hakuna aliyezitumia kumdhuru mtu. Wenye nazo walikuwa wazee wastaafu wenye leseni ya kukusanya, na masefu yaliyopigiliwa bolti ukutani, na polisi wa kuja kukagua. Chuma kilishughulikiwa na bosi wangu Trevor mwenyewe, chumba cha nyuma. Mimi nililetewa mti peke yake: kitako kilichochanika, ubao wa mbele ulioliwa na wadudu, shingo iliyovunjika. Nikautibu, nikaurudisha.

Nitawaeleza ya mbao, maana yanafaa kujulikana. Lakini nitawaeleza zaidi habari ya wivu. Katika kazi nilifundishwa kunoa patasi, nilifundishwa kuchanganya gundi, na hakuna aliyenionya kuwa siku moja nitamwonea wivu mtu wa benchi la pili mpaka niharibu kazi ya watu.

Nilizaliwa Ukambani, kwetu wanaume wengi huchonga. Baba alichonga twiga na vifaru wa kuuzia watalii, nami nikamsaidia kupiga msasa tangu nikiwa darasa la tatu. Nilikuja Sydney nikimfuata mke wangu, Kalekye, aliyepata kazi ya uuguzi. Mwaka wa kwanza nilipakia maboksi. Trevor alikuwa mpweke kwenye karakana yake, fundi wake wa mbao amestaafu, akabandika tangazo dukani kutafuta mtu. Nilikwenda na kijiko cha kupakulia nilichochonga. Alikigeuzageuza, akakinusa, akaniuliza kama naweza kuanza Jumatatu.

Sasa sikilizeni kosa la kwanza. Mwezi wa pili nilipewa kitako cha Lebel, bunduki ndefu ya Wafaransa ambayo mti wake una vipande viwili na chuma katikati. Kilikuwa cheusi kwa mafuta na jasho la miaka. Nikasema moyoni, leo Trevor ataona mkono wa Mkamba. Nikapiga msasa mchana kutwa. Kikatoka rangi ya asali, kiking'aa kama meza ya maharusi. Trevor alikishika, akapitisha kidole gumba ubavuni, akapitisha tena, kama mtu anayetafuta swichi gizani.

"Hapa palikuwa na muhuri wa duara," akasema. "Mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Gideon, umekifutia cheti cha kuzaliwa."

Hakupiga kelele. Alimpigia simu mwenye bunduki palepale, mbele yangu, akamwambia kosa lilitokea kwenye karakana yake. Hakunitaja jina. Nilitamani anitaje. Tangu siku hiyo msasa niliufungia kwenye droo, na ninawaambia ninyi: kitu kikongwe kikija mikononi mwako, kabla hujakisafisha uliza uchafu wake unasema nini.

Nilijifunza mengine taratibu. Mti wa Wafaransa, mjozi ambao ninyi mnauita walnut, ni mlaini kuliko unavyodhani. Ukiwa na bonde mahali ulipogongwa, usiukwangue. Weka kitambaa kibichi cha pamba, pitisha pasi ya moto juu yake, na mvuke utauinua mti kama unga wa mandazi unavyoumuka. Patasi ikikataa kwenda, usiilazimishe, geuza upande, umekwenda kinyume cha uzi wa mti. Na kubwa kuliko yote ni habari ya mafuta. Askari walipaka mafuta kila siku, miaka na miaka, na mafuta yakazama mpaka ndani kabisa. Mti wa namna hiyo ukivunjika, gundi haishiki. Itakudanganya siku mbili tatu, kisha itaachia. Lazima kwanza uyatoe mafuta. Unachanganya unga wa chaki na spiriti mpaka uwe kama uji mzito, unaupaka kwenye ufa, unaweka karibu na joto. Kesho yake chaki imegeuka kahawia, imenyonya. Unaipangusa, unapaka nyingine. Mara tatu, mara nne, mpaka chaki ibaki nyeupe. Ndipo unatafuta gundi. Hilo halikuwa kwenye kitabu chochote cha Trevor. Alinifundisha kwa mdomo, kama naye alivyofundishwa.

Jumamosi wateja walikuja kunywa chai na kubishana. Walikuwa na mzaha mmoja usiozeeka: kwamba bunduki za Wafaransa zimedumu vizuri kwa sababu wenyewe walizilaza chini mapema na kuinua mikono. Kila mtu alicheka. Mimi mgeni, nikaona mzaha huo ni mlango wa kuingilia, nikaujifunza, nikaanza kuusimulia kwa madaha yangu. Walicheka zaidi kwa kuwa umetoka kwangu.

Jumamosi moja niliusimulia na mzee mmoja hakucheka. Aliitwa Elias, mwalimu wa hesabu mstaafu, mzaliwa wa Lebanoni, mkazi wa Guildford. Alisubiri wenzake wamalize, akaniambia kwa upole, "Babu yangu aliibeba hii. Wafaransa walipotawala kwetu, alikuwa askari wao. Alirudi bila mguu. Hakuulaza chini, ulikatwa."

Niliomba radhi. Aliipokea, na kutoka siku ile tukawa marafiki. Kila alipoleta kazi aliniletea boksi la vibiskuti vyenye tende ndani, vilivyookwa na mkewe, akaliweka kwenye benchi langu na si la mtu mwingine. Alipenda mkono wangu. Alisema bunduki yake isiguswe na mwingine. Kwa miaka tisa nilikula biskuti zile, na ninakiri zilinitia kiburi kuliko mshahara.

Halafu akaja Deo. Na aliyemleta ni mimi mwenyewe.

Déogratias alikuwa Mkongo wa Bukavu, miaka thelathini na kitu, baba wa watoto watatu. Alikuwa amekaa kambi ya wakimbizi miaka mingi kabla ya kuletwa Australia, na huko kambini alitengeneza milango na madawati ya shule. Nilikutana naye kwenye ibada ya Kiswahili. Alikuwa akibeba mizigo ghalani na mgongo umeanza kumlilia. Nikamwambia Trevor kuna kijana anajua randa. Trevor akamchukua.

Wiki mbili za kwanza nilifurahi kama mwenye mtoto aliyefaulu. Alinisalimu kila asubuhi kwa mikono miwili. "Papa Gideon, umeamuka salama?" Alifagia kabla sijamwambia.

Wiki ya tatu Trevor alikuwa ameinama juu ya kitako na lenzi yake, kitabu kimefunuliwa pembeni, anahangaika na muhuri uliofifia. Deo alikuwa anapita na ndoo. Akasimama, akatazama.

"Papa, hii cachet banaandika jina ya fasi balitengenezea bunduki," akaniambia mimi, kwa heshima, kwa kuwa mkubwa wake nilikuwa mimi. "Na hii ingine inasema balirudisha kuitengeneza tena, kisha banaipatia mutu mwingine."

Nilimtafsiria Trevor: muhuri mmoja ni jina la mahali bunduki ilipotengenezwa, mwingine ni wa kuikarabati na kuigawa tena. Trevor akainua kichwa. "Anasoma Kifaransa?"

Anasoma. Amesoma shule yote kwa Kifaransa. Trevor alifunga kitabu, akavuta kiti, akamkalisha Deo juu yake, na asubuhi nzima wakafukua vitako kutoka kwenye rafu. Mimi nilibaki na kile nilichokuwa nikikipiga pasi. Nilikiunguza kidogo, pembeni. Hakuna aliyeona.

Jumamosi iliyofuata Elias aliingia na boksi lake mkononi. Deo akamwambia, "Bonjour, monsieur." Mzee yule alisimama mlangoni kama aliyeitwa jina la utotoni. Alikuwa amesoma kwa masista wa Kifaransa, na hapa Sydney hakuna aliyezungumza naye lugha ile tangu dada yake afariki. Wakazungumza saa nzima. Walicheka. Wakati fulani Elias akamshika Deo bega. Sikujua walichosema. Nilikuwa mita tatu kutoka kwao, nikikwangua gundi iliyokwisha kukwanguliwa.

Alipoondoka, boksi lilikuwa kwenye benchi la Deo.

Deo alilifungua na kuniletea. "Papa, kula."

"Nimeshiba," nikasema.

Ndivyo ulivyoanza. Wivu haukuja kwa kishindo, ulikuja kwa biskuti ya tende. Kuanzia hapo nilimfundisha Deo nusu nusu. Nilimwonyesha pasi na kitambaa, nisimwambie kwamba kitambaa kiwe cha pamba tupu. Akaunguza cha nailoni, kikaganda kwenye mti, nikamtazama akikibandua kwa ukucha. Kesho yake alikuja na kipande cha shati la pamba la mwanawe, amegundua mwenyewe. Niliumia zaidi kuliko kama nisingemficha. Nikimwona anainama juu ya ufa, nilitafuta kosa. Nikilipata, nilinyamaza ili alione Trevor.

Nyumbani Kalekye aliniuliza jambo wakati anasonga ugali. "Umeacha kumtaja Deo kwa jina. Siku hizi unasema 'yule'. Amekukosea nini?"

"Hajanikosea."

"Basi ni vibaya zaidi," akasema.

Na hakuwa amenikosea. Hilo ndilo lililonikera. Mtu akikukosea una pa kuanzia.

Sasa nifike kwenye bunduki yenyewe. Elias alikuwa ameitafuta kwa miaka mingi aina moja ya bunduki iitwayo Berthier, nyembamba, ndefu, ambayo Wafaransa waliitengeneza kwa ajili ya askari wao weusi wa Afrika Magharibi. Hatimaye akaipata kwa mjane wa mkusanyaji mwenzake. Ilikuja na shingo imevunjika. Shingo ya bunduki, kwa msiojua, ni pale mti unapokuwa mwembamba, nyuma ya kifyatulio, mkono unaposhika. Ndipo udhaifu wake ulipo.

Nilijua itakuja kwangu. Shingo zilikuwa zangu. Nilikwisha kunoa patasi ndogo. Trevor akaileta, akapita benchi langu, akaiweka kwa Deo.

"Elias ameomba iwe wewe," akamwambia. "Chukua wakati wako. Gideon yuko hapo, muulize."

Siwezi kuwaeleza nilivyojisikia bila kuwaongopea kidogo, kwa hiyo nitasema nilichofanya. Nilikwenda kunawa mikono ambayo haikuwa michafu.

Siku ya pili Deo alikuja benchini kwangu akiwa ameshika vipande viwili vya mti. "Papa, niko naona ni kama iko na mafuta mingi ndani. Niweke ile chaki mbele ya gundi?"

Mbele maana yake kabla. Alikuwa ameuliza swali sahihi kabisa. Nilivichukua vile vipande. Ufa ulikuwa mweusi, na nilipobonyeza, ukucha wangu ukang'aa kwa mafuta. Nikamrudishia.

"Huu mti ni mkavu," nikasema. "Ungekuwa na mafuta ungenuka. Paka gundi, ubane kwenye jiliwa, acha siku mbili."

Alinusa. Alinitazama. "Sawa, Papa. Merci."

Alifunga kazi safi sana. Mstari wa ufa haukuonekana. Trevor aliisifu Ijumaa, akaunganisha chuma, akaitundika. Nami nililala, na sitawadanganya kwamba sikulala.

Jumamosi karakana ilikuwa na watu watano, sita hivi. Elias alivaa koti, kama anakwenda harusini. Trevor akampa bunduki. Mzee akaipokea kwa mikono miwili, akatabasamu, akaiinua begani polepole kama alivyomwona babu yake katika picha. Ikalia kidogo, sauti kama ya kijiti cha kuwashia moto, na kitako kikaachia. Kilianguka kwenye saruji kwa pembe. Kipande cha ukubwa wa kidole kikaruka kutoka kisigino cha mti, na ufa mpya ukapita katikati ya muhuri.

Elias alibaki ameshika chuma.

Trevor aliokota kitako, akatazama ufa, akaugusa na kunusa kidole. "Deo. Uliyatoa mafuta?"

Deo akanitazama. Hakunitazama kwa muda mrefu. "Hapana, bosi."

"Kwa nini?"

"Nilidhani mti ni mkavu."

Maneno yangu, yaleyale, yakatoka kinywani mwake kwa Kiingereza chake cha kujifunza. Mimi nilisimama na kikombe cha chai. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nafasi ile ilikuwa ndefu, ilitosha mtu kuvuka chumba. Nikanywa chai.

Trevor hakuwa mkali. Alimwambia Deo kwamba kwa sasa atafungasha vifurushi na kufagia, mbao asiguse mpaka atakapoambiwa. Deo alifagia karibu wiki mbili. Hakunilaumu, hakuninunia, aliendelea kuniuliza kama nimeamka salama. Ijumaa ya pili alimkabidhi Trevor ufunguo, akasema amepata shifti ghalani, na akaondoka.

Berthier ikaletwa benchini kwangu.

Kwa siku tatu nilifurahi, na nalitamka neno hilo kwa sababu ni kweli. Niliimba. Siku ya nne nilianza kutoa mafuta. Chaki ya kwanza ikatoka kahawia iliyokolea, ya pili kahawia, ya tatu kama chai ya maziwa. Kadiri mti ulivyosafika ndani ya ufa, ndivyo nilivyoanza kuona kitu. Chini ya ufa huo wa shingo palikuwa na ufa mwingine wa zamani, umezibwa na fundi wa jeshi kwa kipini chembamba cha shaba na gundi iliyokuwa imegeuka kioo. Kazi ya mtu bingwa. Shingo hii ilikuwa imewahi kuvunjika bunduki ikiwa bado jeshini. Nikageuza kitako dirishani. Kwenye ncha yake ya chini, pale askari hapashiki wala hapaegemezi, mti ulikuwa umepondeka mara kadhaa, nyuzi zimelala kwa ndani. Kitu kigumu kiligongwa na pembe ile, kwa nguvu, na zaidi ya mara moja.

Nimechonga tangu utoto. Najua mti uliodondoka na mti uliotumika kupigia. Bunduki huvunjika shingo namna hii mtu anapoishika kwa mtutu, risasi zikiwa zimekwisha, na kuizungusha kama rungu. Siwezi kuapa. Pengine ilipitiwa na gurudumu la mkokoteni. Lakini moyo wangu uliamini kilichosemwa na mti, na mti ulisema aliyekuwa nayo hakuinua mikono.

Nilimpigia Elias simu aje aone. Nilitaka sifa, msidhani vingine. Nilitaka aone kwamba kuna kusoma kusikohitaji Kifaransa. Alikuja siku ileile. Nikamwonyesha kipini, nikamwonyesha pembe iliyopondeka, nikamweleza. Alivaa miwani, akatazama kwa muda mrefu sana. Macho yake yakalowa.

"Na watu wanavyowacheka," akasema. "Aliyekuwa nayo hata Mfaransa hakuwa. Alikuwa mtu kama wewe. Kama Deo." Akavua miwani. "Deo ameyaona haya?"

Nilikuwa nimemwonyesha kitu ambacho hakuna mwingine Sydney nzima angeweza kumwonyesha, na la kwanza aliloniuliza lilikuwa Deo. Wivu ukanirudia. Nilifungua mdomo niseme kwamba Deo asingeyaona, kwamba Deo ni wa kupaka gundi juu ya mafuta. Ukatoka ukweli. Mpaka leo sijui kwa nini. Labda nilikuwa nimechoka kuubeba.

"Deo aliniuliza kama atie chaki," nikasema. "Aliyaona mafuta. Nilimwambia mti ni mkavu. Nilijua si mkavu."

Elias alikunja miwani yake, akaitia mfukoni. Aliweka mkono juu ya kitako, kama mtu anayemfunika mtoto.

"Mwambie Trevor leo," akasema. "Kabla sijamwambia mimi." Akaondoka bila kunipa mkono.

Nilimwambia Trevor jikoni, wakati wa ile chai ya saa nne wanayoiita smoko. Alizima birika kabla halijachemka. Alitoka nje, akasimama kwenye maegesho, akarudi.

"Lile kosa lako la kwanza nililibeba mimi," akasema. "Hili silibebi. Nenda kamlete. Akikataa kuja, usirudi."

Deo alikaa Guildford, ghorofa ya pili, karibu na reli. Mkewe, Furaha, alinifungulia, akanikaribisha kama mgeni wa heshima, akaniletea chai. Alikuwa hajui lolote. Deo hakumwambia. Alitoka chumbani uso ukiwa bado na usingizi wa mchana, maana alikuwa amehamia shifti za usiku. Akanisalimu kwa mikono miwili.

"Furaha, utusamehe kidogo," akamwambia mkewe. Akakaa.

Nilisema yote. Niliyasema nikitazama zulia. Nilipomaliza, treni ilikuwa inapita, tukaisubiri.

"Nilijua, Papa," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile. Miye nilikuwa naona unawekaka chaki kila mara. Na mafuta nilikuwa naiona na macho yangu."

"Basi kwa nini ulipaka gundi?"

Alifikiri. Hakuwa ananitafutia jibu la kuniumiza, alikuwa anatafuta la kweli. "Nilisema labda hii muti iko tofauti, Papa Gideon anajua. Nilikuamini weye kuliko macho yangu."

"Na Trevor alipokuuliza?"

"Gundi nani aliipaka? Ni miye." Akainua mabega. "Na weye ndiye ulinileta kule. Ningesema nini mbele ya batu?"

Vijana, nimetukanwa kwa lugha nne. Hakuna tusi lililonikalia kama utulivu ule. Nikamwambia Trevor anamtaka arudi. Nikamwambia pia kwamba akikataa, mimi sina kazi, kwa kuwa niliona bora alijue hilo kuliko kumficha kitu kingine.

"Nitafikiri," akasema.

Alifikiri siku tisa. Nilikaa nyumbani siku tisa. Kalekye alitoka asubuhi na sare yake ya hospitali, akaniacha mezani, akarudi akanikuta mezani. Hakuniuliza lolote, na nilimshukuru. Siku ya kumi Trevor alipiga simu. "Yuko hapa," akasema. "Njoo."

Deo ndiye aliyeitengeneza Berthier. Mimi nilisimama pembeni nikamwambia kila kitu: chaki mara ngapi, chaki ya mwisho iweje, kipini cha zamani kiachwe mahali pake kwa heshima ya aliyekiweka, kiraka cha kisigino kikatwe kufuata uzi wa mti. Nilimwonyesha pembe iliyopondeka. Alipitisha kidole pale, akasema jambo kwa Kifaransa, polepole. Sikumwuliza maana yake.

Sitaki mwondoke mkidhani nilipona. Elias hakuniachia tena bunduki yake hata moja. Alinisalimu, alinijulia hali ya mke wangu, na kazi akampa Deo. Biskuti zilikwenda benchi lile mpaka nilipostaafu. Deo alizileta kwangu kila mara, nami nikazila, na kila moja iliniuma. Miaka sita nilimfundisha nikimwonea wivu. Kuna asubuhi nilikaa garini pale maegesho dakika kumi, nikijisukuma kuingia kumwambia mtu siri ambayo ingemfanya anipite. Kisha nikaingia nikamwambia. Nilikuwa nikisubiri moyo usafike kwanza. Haukusafika, na kazi ilikuwa inangoja.

Trevor alipouza karakana, mnunuzi aliniuliza nani achukue benchi la dirishani. Nikasema Deo. Nililitaja jina kwa shida, lakini nililitaja.

Sasa ana wanafunzi wawili. Watu wanamtumia mbao kutoka Melbourne na Perth. Ameniacha mbali, nami nikisikia akisifiwa pale kanisani nainamisha kichwa kama ninayesali. Bado hupiga simu. "Papa, niko na muti hapa, sielewe inataka nini."

Wivu huja kwanza, nikakawia kujibu. Yeye anajua kwa nini, na hunisubiri. Halafu namwambia yote, simpi nusu nusu.